Vituo vya data vinakataliwa Marekani na Ireland, sisi watu wa Kigoma tujiulize mapema: nguzo, maji na bili atalipa nani?

Mleta uzi (Mwanga, Kigoma)

Wakuu habari za asubuhi, mwakeye ndugu zangu Waha wote mlioko humu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, ila kama una mita ya luku ukutani kwako naomba ukae usome maana hili jambo linakuhusu hata kama hujawahi kuona seva kwa macho.

Mi shughuli yangu ni samaki. Nanunua Kibirizi, nagandisha, nasafirisha, kwa hiyo umeme kwangu ndo mtaji wenyewe, ukikatika usiku kucha migebuka inalegea na asubuhi mteja anaminya shingo ya samaki anakuangalia usoni. Sasa nimekuwa nafuatilia habari za wananchi wa Marekani, Ireland, Chile na Uruguay wanaopinga vituo vya data, na kila nikizungumzia hapa mtaani watu wanasema hao wameshiba ndo maana wanakataa maendeleo. Mi nimesoma wanachouliza wale watu na ni maswali ambayo mama yeyote muuza dagaa angeuliza akiwa na akili zake timamu. Kwanini bili yangu imepanda? Maji yangu yanakwenda wapi? Nani alikubali na alikubali lini?

Kwa asiyejua, kituo cha data ni jengo kubwa kama ghala, ndani limejaa seva zimepangwa kwenye makabati, zinawaka saa 24 bila kupumzika. Picha zako za WhatsApp, miamala ya simu, video unazoangalia na hii akili mnemba ya siku hizi, vyote vinakaa humo. Seva zinatoa joto kali kwa hiyo lazima zipozwe. Njia moja ni maji yanayoachwa yapae kama mvuke, hapo unaokoa umeme ila maji yakishapaa yamekwenda, hayarudi bombani. Njia nyingine ni hewa na mashine za baridi, hapo unaokoa maji ila umeme unakula zaidi. Hamna njia ya bure hapo wakuu, mtu akikwambia kituo chake hakitumii maji muulize umeme, akikwambia kinatumia umeme kidogo muulize maji. Alafu nje kunakuwa na majenereta ya dizeli yamepangwa mstari kusubiri gridi izime.

Sasa tuje kwenye ukubwa, maana hapa ndo watu wengi hawajaelewa. Chukua kituo kimoja cha megawati 100, ambacho kwa viwango vya leo wala hakishangazi mtu. Mradi wa Malagarasi pale maporomoko ya Igamba, ambao tumeimbiwa tangu wengine tuko shule, ni megawati 49.5. Yaani ghala moja la seva linameza Malagarasi yote na bado linadai nyingine kama hiyo. Na kuna makubwa zaidi. Kule Louisiana Marekani kampuni ya Meta inajenga kituo sehemu inaitwa Richland Parish, na Agosti 2025 mamlaka ya jimbo ikairuhusu kampuni ya umeme ya Entergy kujenga mitambo mitatu ya gesi kwa ajili yake, jumla megawati 2,262. Bwawa letu la Nyerere kule Rufiji, mitambo yote tisa, ni megawati 2,115. Bwawa ambalo nchi nzima ilijifunga mkanda kulijenga halifikii mitambo iliyotakiwa kwa ajili ya mteja mmoja.

Na pale Louisiana ugomvi wa wananchi wala hauhusu teknolojia. Mkataba wa Meta kulipia ule umeme ni wa miaka 15, mitambo ya gesi inaishi miaka 30 na zaidi. Wanauliza baada ya ile 15, Meta ikiondoka au ikipunguza matumizi, deni lililobaki analipa nani? Si atalipa mwenye nyumba mwenye friji moja na feni mbili? Mi naona hilo swali ni la haki kabisa na sijaona aliyelijibu wakaridhika.

Niseme na kilichonifanya hili jambo linikae kichwani. Mtaani kwetu kuna mnara wa simu, wa kampuni gani sitaji. Walikuja watu na makaratasi, wakaongea na mwenye kiwanja, akasaini, akaanza kulipwa kodi yake. Sisi majirani tulijua siku shimo linachimbwa. Jenereta likafungwa karibu kabisa na ukuta wa mama mmoja anayelima mchicha, umeme ukizima usiku lile dude linanguruma mpaka alfajiri, moshi unaingia dirishani, na mafuta yanayovuja yanateremka na maji ya mvua mpaka kwenye matuta yake, unaona kabisa rangi rangi zinang'aa juu ya udongo. Tulivyokwenda kulalamika tukaonyeshwa karatasi ina sahihi. Sahihi ya mtu mmoja aliyehamia Mwandiga na kelele hazisikii. Sasa huo ni mnara mmoja na jenereta moja, fikirieni ekari na ekari za majenereta.

Ninachosema mimi ni kimoja: haya maswali yaulizwe hadharani kabla kiwanja hakijapimwa, na mtu akiyauliza asiitwe mpinga maendeleo. Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa Kasulu

Mkuu uzi mzuri ila naona unakimbia simba ambaye hayupo. Nani kakwambia kuna mtu anataka kujenga data senta Kigoma? Sisi ni mwisho wa reli, wawekezaji tunawaomba waje hata wa kiwanda cha sabuni hawaji, mawese tunayo yanaoza. Gridi yenyewe imeingia juzi, miaka yote tulikuwa tunaishi kwa majenereta ya dizeli hapa Kasulu na Kibondo na huko mjini kwenu, leo tumepata umeme wa uhakika kidogo unaanza kutuambia tukatae watumiaji wakubwa? Umeme ukizalishwa bila kutumika ni hasara pia. Mi kijana wangu kamaliza chuo kozi ya kompyuta anaendesha bodaboda, kikija kituo cha data hapa mi ntakuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Mleta uzi

Mkuu wa Kasulu nakuelewa na hilo la kijana linauma, sitalipuuza.

Ila kuhusu simba ambaye hayupo, angalia mambo yanavyosogea. Gridi ilianza kuingia mkoani kwetu 2022. Pale Kidahwe kuna kituo cha kupozea umeme, Malagarasi iko njiani, Mkongo wa Taifa wa mawasiliano umefika. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kadiri taarifa za Watanzania zinavyotakiwa kutunzwa kwa utaratibu ndivyo na sehemu za kuzitunzia zitakavyotafutwa ndani ya nchi. Pale Kijitonyama Dar kituo cha taifa kipo siku nyingi. Jirani zetu Kenya, Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu walitangaza kituo kule Olkaria kwa jotoardhi, dola bilioni 1, kianze na megawati 100 kiende mpaka gigawati nzima, yaani megawati 1,000. Sasa mwekezaji anatafuta nini? Ardhi ya bei nafuu, maji mengi, umeme, na wananchi wasiouliza. Vitatu vya kwanza Kigoma inavyo au inakaribia kuwa navyo, kile cha nne ndo mi nataka kikosekane.

Na wenzetu wengi walijua wakati mambo yameshaiva. Tucson, Arizona, mji wa jangwani kabisa, kulikuwa na mradi unaitwa Project Blue. Viongozi walishasaini mikataba ya kutunza siri, mwananchi akiuliza huyu mteja ni nani anaambiwa hatuwezi kukutajia. Ikaja kujulikana kupitia waandishi wa habari kwamba nyuma yake yuko Amazon. Watu wakajaa kwenye mikutano mpaka tarehe 6 Agosti 2025 baraza la mji likapiga kura, wajumbe wote saba wakaukataa. Sasa jiulize, kama ule mradi ulikuwa na faida wazi kwa wananchi, kwanini jina la mteja lifichwe? Mi kufichwa ndo kunanitisha kuliko hata megawati zenyewe.

The Dalles kule Oregon ni vilevile, mji mdogo tu, Google ana vituo vyake pale. Gazeti likaomba kujua anatumia maji kiasi gani, mji ukaenda mahakamani kulizuia gazeti, eti ni siri ya biashara! Kesi ikaisha Desemba 2022 takwimu zikatolewa, kumbe Google peke yake alikuwa anatumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Robo wakuu. Na mwananchi anayelipia bomba hilohilo alikuwa haruhusiwi kujua.

Fundi umeme, Mwandiga

Naomba niongezee upande wa bei maana ndo kazi yangu na naona watu wanachanganya.

Huku kwetu bei ya umeme inapangwa na EWURA na ni moja nchi nzima kwa kila kundi. Mwenye matumizi madogo yuko D1, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, ukizidisha unapigwa bei kubwa zaidi ya mara tatu. Nyumba nyingi za kawaida na maduka ni T1. Viwanda vinapanda T2, T3, na wale wa T3 wa msongo mkubwa kabisa bei yao kwa uniti ni ndogo kuliko ya kwako wewe wa T1, na kuna sababu ya kitaalamu, huyo anachukua umeme mkubwa sehemu moja, hahitaji transfoma ya mtaani wala nguzo za kuingia vichochoroni.

Sasa tatizo linakujaje. Mteja mkubwa akija inabidi ijengwe njia mpya ya kusafirisha umeme, kituo kipya cha kupozea, pengine na mtambo mpya. Kama hizo gharama hakulipa yeye zinaingia kwenye hesabu za shirika, hesabu zikienda EWURA kuombewa bei mpya zinagawanywa kwa watu wote. Na kwa vile bei ni ya nchi nzima, kituo kinaweza kujengwa Dodoma au Bagamoyo na bibi yako wa Kakonko akakichangia kupitia luku bila kujua. Ndo maana namshangaa ndugu wa Kasulu anaposema halituhusu, likijengwa popote linatuhusu.

Uzuri ni kwamba kabla ya bei kubadilishwa EWURA wanafanya taftishi, mkutano wa wadau, unaruhusiwa kwenda kusema. Shida watu hawaendi, wanakwenda wenye suti.

Mleta uzi

Fundi umenena, asante sana. Hiyo ya bei kuwa moja nchi nzima sikuwa nimeifikiria kwa uzito huo, na inafanya uzi huu uwe wa kila mtu.

Kwa wenzetu unayosema yameshatokea kwenye makaratasi. Kuna gridi kubwa Marekani inaitwa PJM, inahudumia majimbo 13 na mji mkuu wao Washington. Kila mwaka wanafanya mnada wa kulipia mitambo iwe tayari, siyo umeme wenyewe, ni ile kuwa tayari tu. Bei ya mnada ilikuwa dola 28.92 kwa megawati kwa siku kwa mwaka wa 2024/25, mwaka uliofuata ikaruka mpaka 269.92. Mara tisa! Na mkaguzi huru wa soko hilo akasema wazi kwamba sehemu kubwa ya ongezeko imetokana na vituo vya data, vilivyopo na vinavyotarajiwa. Angalia hilo neno vinavyotarajiwa, yaani mzee wa Ohio, moja ya majimbo hayo 13, analipia leo ghala ambalo halijamwagwa hata zege.

Ireland nayo. Mwaka 2015 vituo vya data vilikuwa vinatumia asilimia 5 ya umeme wote unaopimwa kwenye mita, 2023 vikafika asilimia 21, vikazipita nyumba zote za mijini kwa pamoja zilizokuwa na 18. Mpaka wasimamizi wa gridi wakasimamisha kuunganisha vituo vipya eneo la Dublin. Nchi tajiri ile, siyo sisi ambao upepo mkali ukipiga Urambo watu tunawasha mishumaa Ujiji.

Ila wapo waliotafuta dawa. Ohio hukohuko, Julai 2025 mamlaka yao ilipitisha kwamba kituo kipya kikubwa cha data kikiomba umeme kwa kampuni ya umeme ya AEP Ohio lazima kilipie angalau asilimia 85 ya kile kilichoomba, kitumie kisitumie, kwa miaka mpaka 12. Umeomba megawati 100 basi 85 unalipia hata ukizima taa ukaondoka. Mi hii nimeipenda, ndo kitu ambacho tungetakiwa kuwa nacho kwenye kanuni zetu kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi.

Mchangiaji wa Ujiji

Umeme sawa nimekubali. Ila kwenye maji jamani tuache kutishana. Sisi tuna Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani, mita 1,470 kwenda chini, maji yake peke yake ni kama moja ya sita ya maji baridi yote ya juu ya ardhi duniani. Juzi juzi hapa lilifura mpaka likala nyumba za watu ufukweni. Wakija wakachota watapunguza nini? Bora hata wachote.

Mleta uzi

Kaka wa Ujiji ziwa halitakauka kwa sababu ya seva, hilo nakubaliana na wewe asilimia mia na sitaki mtu atoke humu akasambaze kwamba ziwa linakwenda kuisha.

Ila kuna mambo mawili. La kwanza, maji ya ziwani na maji ya bombani ni vitu tofauti. Ziwa liko pale chini unaliona, na kuna nyumba Gungu na Katubuka zinaamka saa tisa usiku kukinga maji. Kinachopungua ni pampu, matanki, dawa na umeme wa kusukuma. Vituo vingi vinapenda maji yaliyosafishwa kwa sababu maji machafu yanaziba mitambo, kwa hiyo anaweza kupanga foleni kwenye bomba lilelile unalopanga wewe, tofauti yeye ana mkataba wa kwamba asikatiwe.

La pili ni joto. Kama watachota ziwani wakapoza wakarudisha, kinachorudi ni maji ya moto. Wataalamu wa ziwa letu wameeleza miaka mingi kwamba maji ya juu yanavyozidi kupata joto ndivyo yanavyokataa kuchanganyika na yale ya chini ya baridi, na chakula cha viumbe kiko kule chini. Kisipopanda juu, mwani unapungua, na dagaa anakula vile vidudu vinavyokula mwani. Hilo ni la mabadiliko ya tabianchi, ziwa zima, bomba moja haliwezi kufanya hivyo. Lakini ghuba ya Kigoma ni ndogo, na pembeni pembeni ndo wanapozalia samaki wengi. Mwaka 2024 tulifungiwa ziwa miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, ili samaki wazaliane, tukavumilia, wengine tuliuza mpaka majokofu. Sasa mvuvi aliyevumilia hivyo ana haki ya kuuliza maji yenu yatarudi na nyuzi joto ngapi na yatatokea wapi.

Mchangiaji wa Tabora mjini

Afadhali nyie mna ziwa. Sisi Tabora wakubwa wanakumbuka tulivyokuwa tunaitegemea Igombe na bwawa la Kazima, kiangazi kikikaza maji ya bomba ni historia, ndoo inatembea kichwani. Tumepona yalivyokuja maji ya Ziwa Victoria kupitia Nzega, na yale maji yametembea mamia ya kilomita, yametumia mabilioni ya mkopo ambao tunaulipa sote. Mtu aje ayatumie kupozea kompyuta? Hapana. Mi kwa upande wa Tabora nasema wakija watumie ile ya hewa, na umeme wake walipie wenyewe kama alivyosema fundi.

Mleta uzi

Ndugu wa Tabora umenikumbusha Uruguay. Mwaka 2023 walipata ukame mbaya mpaka Montevideo, mji mkuu, maji ya bomba yakawa na chumvi kwa sababu mamlaka ilianza kuchanganya na maji ya kwenye mlango wa mto karibu na bahari. Watu wananunua maji ya chupa kupikia. Wakati huohuo ikajulikana Google inapanga kituo kitakachotumia lita milioni 7.6 za maji safi kwa siku. Na ilijulikana baada ya mtu kwenda mahakamani kudai takwimu, siyo kwamba walitangaziwa. Watu wakaandika kwenye kuta: si ukame, ni uporaji. Mwishowe Google wakabadilisha, wakasema watapoza kwa hewa na kituo kitakuwa kidogo. Chile pale Cerrillos, Santiago, wananchi walipambana na mradi wa Google wa kuchota lita 169 kwa sekunde kutoka ardhini, mwaka 2024 mahakama ya mazingira ikarudisha nyuma sehemu ya kibali, na Google nao wakasema wataanza upya kwa kupoza na hewa.

Kwa hiyo ile njia ya hewa ilikuwepo tangu mwanzo. Ilikuja mezani baada ya watu kusema.

Mchangiaji wa Kasulu

Mkuu nimekusoma vizuri na fundi pia. Nimelegea kwenye bei. Ila hujanijibu kuhusu ajira na mapato. Kuna wilaya Marekani nimesikia inaishi kwa kodi ya hivyo vituo.

Mleta uzi

Kweli, Loudoun, jimbo la Virginia, ndo sehemu yenye vituo vingi vilivyosongamana kuliko popote duniani. Zaidi ya theluthi ya mapato ya wilaya yanatoka huko, shule zimejengwa, kodi ya majengo ya wananchi imeshuka. Sitaficha hilo. Lakini pale kodi ya vifaa inalipwa wilayani moja kwa moja, inabaki palepale kwenye kelele. Huku kwetu kodi kubwa zinakwenda serikali kuu, na mwekezaji mkubwa mara nyingi anakuja na misamaha mkononi, halmashauri inabaki na ushuru wa huduma. Hata Virginia yenyewe msamaha wa kodi ya mauzo kwa vifaa vya hivyo vituo uliligharimu jimbo karibu dola bilioni 1 kwa mwaka wa fedha 2023. Kwa hiyo anayesema kitaleta mapato aseme mapato yatakaa wapi, Kasulu au Dodoma.

Ajira ziko nyingi wakati wa kujenga, mafundi, vibarua, mama ntilie watauza. Jengo likiisha linabaki na walinzi, wafanya usafi, mafundi wa umeme na baridi na watu wachache wa kompyuta, kwa sababu seva haihitaji mtu wa kuikalia. Kiwanda cha kukamua mawese cha thamani ndogo mno kuliko hiyo kinaweza kuajiri watu wengi zaidi. Kijana wako akipata nafasi ntafurahi kwa dhati, ila iandikwe kwenye mkataba idadi na mafunzo, isiwe maneno ya jukwaani.

Mchangiaji wa Uvinza

Mimi nasisitiza Malagarasi. Mto ule unalisha ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, hifadhi ya kwanza ya Tanzania kuingia mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani. Sisi tunaoishi Uvinza tunajua mto ukipungua inakuwaje. Wakati wa kiangazi umeme wa maji unapungua, kituo cha data hakipungui. Tofauti itatoka wapi kama siyo dizeli?

Mleta uzi

Hapo mzee wa Uvinza umegonga penyewe. Memphis, Tennessee, kituo cha xAI, kampuni ya akili mnemba ya Elon Musk, cha mwaka 2024, gridi ilikuwa haijawa tayari kuwapa umeme wote wakaleta mitambo ya gesi ya kuhamishika. Wanamazingira walipiga picha kutoka angani wakahesabu zaidi ya 30, na kibali cha hewa hakikuwepo, kampuni ikisema ni ya muda. Jirani yao ni mtaa wa watu weusi unaitwa Boxtown ambao tayari umezungukwa na viwanda. Julai 2025 ndo wakapewa kibali cha mitambo 15. Yaani mtambo ulitangulia, karatasi ikafuata. Nimekumbuka mnara wetu.

Mchangiaji wa Bangwe

Kaka asante kwa somo, mimi ni mama wa nyumbani na pia ni mjumbe wa serikali ya mtaa. Naomba utusaidie kwa vitendo. Ikitokea watu wa kupima wamekuja leo, tunaanzia wapi? Maana sisi tunaletewa taarifa wakati wa kusaini muhtasari tu.

Mleta uzi

Dada swali lako ndo zuri kuliko yote humu. Mimi siyo mwanasheria, nasema nilivyosoma, wanasheria mliomo mtaongezea.

Kama ni ardhi ya kijiji kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ikitakiwa kuhamishwa iwe ya matumizi mengine, hekta zikiwa hazizidi 250 mkutano mkuu wa kijiji ndo wenye uwezo wa kukubali au kukataa, zikizidi anaamua waziri baada ya kupokea maoni ya mkutano huohuo. Mkutano mkuu ni wananchi wote wazima, siyo mwenyekiti na mtendaji wamekaa chini ya mwembe na mgeni. Msikubali muhtasari uandikwe kabla ya mkutano.

Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na wananchi washirikishwe. Watakuja na karatasi ya mahudhurio. Kusaini mahudhurio siyo kukubali mradi, andikeni maoni yenu kwa maandishi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Tatu, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016. Raia anaandika ombi kwa ofisi ya umma, ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Hii watu hawaitumii kabisa na inauma.

Kwenye hiyo barua ulizeni mtumiaji halisi ni nani, siyo kampuni iliyosajiliwa mwezi uliopita. Megawati ngapi siku ya kwanza na ngapi wakimaliza upanuzi, maana upanuzi ndo wanauficha. Njia ya umeme na kituo cha kupozea analipa nani. Akiondoka kabla ya muda deni linabaki kwa nani. Majenereta mangapi, yatakaa mita ngapi kutoka nyumba ya kwanza, yatajaribiwa saa ngapi. Na gridi ikipungukiwa anazimwa nani kwanza, yeye au hospitali ya Maweni.

Mchangiaji wa Bangwe

Nimenakili yote kaka. Na kwenye maji tuandikeje? Mara nyingi wanatupa namba ambazo hatuelewi, mita za ujazo kwa mwaka.

Mleta uzi

Kataeni ya mwaka. Wastani wa mwaka unachanganya masika na kiangazi, unaonekana mdogo, wakati mitambo ya kupoza kwa mvuke inakunywa maji mengi zaidi siku za joto kali, siku hizohizo ambazo na nyie mnayatafuta. Andikeni hivi: lita ngapi kwa siku, mwezi wa tisa, siku yenye joto kuliko zote, kutoka chanzo gani, na maji hayo leo yanahudumia kaya ngapi za Bangwe.